Sura ya Marehemu Haikwanguliwi

Siku ya kuniaga kazini waliniambia niwape wafanyakazi wapya neno. Nikasimama, nikaanza, halafu keki ikaletwa na watu wote wakageuka kuiangalia keki. Basi neno langu nilirudi nalo nyumbani. Nimekaa nalo hapa Shinyalu tangu hapo na halijapoa. Naliandika mwenyewe kwa mkono, na shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo anayetaka mwandiko mzuri akatafute mahali pengine.

Nawaandikia nyinyi mliochukua mafagio na ndoo zetu. Mimi nilifagia mji wa Kakamega tangu enzi za baraza la mji, kabla kaunti haijazaliwa. Lakini miaka mingi ya mwisho kazi yangu haikuwa uchafu wa chini. Ilikuwa uchafu wa ukutani. Mabango. Ngoma Jumamosi, krusedi wiki nzima, mchekeshaji kutoka Nairobi, mganga wa mapenzi, mwanasiasa akicheka meno yote. Mtu analala ukuta wake uko safi, anaamka ukuta umesema maneno ambayo yeye hakusema. Halafu anapiga simu ofisini kwetu, anatukana sisi.

Aliyenifundisha kazi ni Rosa. Wengi wenu mnamjua, bado yupo kazini, maana kwa umri nilimzidi mimi, na bado hacheki na mtu kabla ya chai. Wakati ule alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana kama ya mwanamume. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye ukuta wa mbele wa soko, akanipa ndoo, kipande cha gunia, na bleidi iliyotengenezwa kwa panga lililovunjika, mpini wake umefungwa kitambaa. Palikuwa na bango la krusedi. Mimi nikaona hii ni kazi ya nguvu. Nikachukua bleidi nikakwangua katikati, kwa hasira ya mtu mgeni. Nusu ya karatasi ikatoka na rangi ya ukuta, nusu ikabaki, na mhubiri akabaki ukutani na sikio moja.

Rosa akaninyang'anya ile bleidi. "Wewe unagombana na ukuta," akasema. "Lowesha, uiache, ukafagie. Ukirudi itakuwa imechoka."

Hiyo ndiyo kazi yote, na nilitumia maisha yangu kuijua vizuri. Unalowesha gunia, unalibandika juu ya bango, unaliacha linywe. Unaanza na pembe, pembe ya juu, unavuta kwenda chini, pole pole, karatasi ikikataa unaongeza maji. Bleidi ni ya mabaki tu. Brashi ya waya ni ya mwisho kabisa, na mbele ya ukuta wa rangi usiitoe hata mfukoni.

Zamani gundi yao ilikuwa unga. Wanapika unga kama uji mzito, wanapaka. Kuna watu katika mji huu walilala na njaa, na ukuta umekula. Mimi nilikuwa nikibandua huku nasonya. Mbuzi walijua kabla yetu. Mbuzi wa pale nyuma ya soko walikuwa wakilamba mabango mpaka yanaisha, na hao ndio wasaidizi pekee niliowahi kupewa na serikali. Baadaye wabandikaji wakaanza kuacha unga mmoja mmoja, wakaleta gundi nyeupe ya fundi wa mbao. Hiyo hailowi. Mbuzi naye akaachishwa kazi.

Msiseme ni karatasi tu. Nilishawahi kukuta kibao cha kuelekeza watu hospitali kimefunikwa chote na bango la mchekeshaji. Chini yake amesimama mwanamume na pikapu, ametoka Lugari, mke wake yuko nyuma juu ya godoro ana uchungu wa kuzaa, na mwanamume anazunguka mji kama kuku aliyefungwa mguu. Nilimwonyesha njia kwa mkono. Walipofika iliendaje sijui, gari halikupita tena kwangu. Nilirudi kwenye kile kibao nikamkwangua yule mchekeshaji bila maji.

Sasa niwaambie jambo ambalo ofisini halijaandikwa popote. Lilikuwa letu sisi wafagiaji. Sura ya marehemu haikwanguliwi.

Mnajua watu wetu wakifiwa wanachapisha karatasi yenye picha na jina na siku ya mazishi, wanaibandika sokoni na stendi ili wa mbali wapate habari. Karatasi hiyo tulikuwa tunaipita. Tunaiacha mpaka mazishi yaishe, mpaka familia ikae ile siku ya kunyoa nywele, ya kumaliza matanga. Ndipo tunaitoa, kwa maji peke yake, ikiwa nzima. Tunaikunja uso ndani, na hatuitii kwenye toroli pamoja na maganda ya ndizi. Tunaichoma wenyewe nyuma ya stoo, mmoja amesimama hapo mpaka iishe.

Nilimwuliza Rosa kwa nini tusumbuke hivyo. Alinijibu bila kuacha kufagia.

"Huyu mtu ana mama. Pengine anapitanga hapa akienda kununua mboga. Unataka akute jicho limebaki ukutani na mdomo uko kwa toroli?"

Sikuuliza tena. Kila mfagiaji aliyekuja baada yangu nilimfundisha hivyo, na hakuna mkubwa yeyote aliyejua.

Lakini kuna watu walijua. Miaka ikaenda, nikaanza kuona mabango ya namna mpya. Picha ya marehemu juu, na chini yake "kandanda ya kumkumbuka". Sawa, nikapita. Halafu ikawa "ngoma ya kumkumbuka", na majina ya madijei. Wiki hii marehemu huyu, mwezi ujao yule yule tena, mahali pengine, dijei mwingine. Palikuwa na kijana mmoja aliyekumbukwa mara nyingi kuliko alivyotembelewa akiwa hai. Mabango mengine yote tunayatoa asubuhi, haya yanakaa mwezi. Nikamwambia Rosa hawa watu wametujua, wanatuchezea. Nipe ruhusa nikwangue.

Rosa akakataa. "Mwenye makosa ni aliyebandika, aliyebandikwa hana," akasema. Tukagombana siku hiyo, na mimi bado naona nilikuwa na haki. Lakini Rosa ndiye aliyenifunza kazi. Nikaendelea kuyapita.

Mtoto wake wa mwisho aliitwa Dismas. Alikuwa anaendesha bodaboda, kijana wa maneno matamu, akija kumchukua mama yake jioni anatuita sisi wote "mathe" na anatusifia gambuti zetu za mpira. Aligongwa kule Lubao na trekta ya miwa iliyokuwa inatoka upande wa Kabras bila taa. Tulimzika kwao, Khayega. Karatasi yake ya msiba ilikuwa kwenye ule ukuta wa mbele wa soko, na tuliifuata desturi yetu. Baada ya siku ya kunyoa, Rosa akaniambia, itoe wewe. Nikaitoa. Nikaichoma nyuma ya stoo, naye akasimama amenipa mgongo, akiangalia ua wa stoo, mpaka nilipomwambia imeisha.

Miezi michache ikapita. Asubuhi moja tukafika sokoni na ukuta mzima ni Dismas.

Usiku wa Kumkumbuka Dismas. Madijei wawili. Wasichana bure kabla ya saa tatu. Na ile picha ni ile ile ya msiba, wameitoa kwenye karatasi yetu, ile aliyopigwa kanisani na shati lake jeupe, ila wamemvisha kwa kompyuta miwani kubwa nyeusi na vitu vya kusikiliza muziki masikioni. Palikuwa na Dismas kutoka sokoni mpaka stendi, na kutoka stendi mpaka unakaribia hospitali, kwenye nguzo, kwenye milango ya maduka, kwenye pipa la taka.

Rosa alisimama ameshika fagio. Sisi wengine tukasimama nyuma yake. Hakulia. Alisema tu, "Hiyo si miwani yake."

Hakuna aliyeyagusa yale mabango. Watu wa ofisini walipiga kelele kwamba mji umechafuka na sisi tunatembea tu. Nani awe wa kwanza kumtilia maji mtoto wa Rosa bila Rosa kusema? Na Rosa hasemi. Alifagia ameinamisha kichwa. Nilimwona akishuka mtaroni, anatembea ndani ya mtaro na fagio lake begani ili asipite mbele ya ule ukuta. Mwanamke wa umri wake. Siku ya pili akaniambia anaacha kazi. Akasema, "Siwezi kufagia ananiangalia." Na alikuwa anamaanisha, kwa sababu alikuwa ameshaniletea buti zake nimpe atakayekuja.

Hapo ndipo nilipokasirika, na sijakasirika hivyo kabla wala baada. Nikasoma bango lote mpaka chini. Nyinyi mnalalamika kwamba wabandikaji hawajulikani. Mwizi gani mwingine anawaachia jina lake, namba yake ya simu, na mahali atakapokuwa Jumamosi usiku? Nikapiga ile namba.

Akapokea kijana, sauti ya adabu. "Ni tiketi ngapi, madam?"

"Mbili," nikasema. "Moja ni ya mama yake."

Nikamwambia mimi ni nani, mfagiaji tu, na nikamwambia aje sokoni asubuhi na ndoo yake mwenyewe. Akaanza kunieleza kwamba yuko bize. Nikamwambia hakuna shida, kama hawezi kuja, tutakuja sisi Jumamosi. Wanawake wote wa ufagiaji, na dada zake Dismas kutoka Khayega, na shangazi zake. Tutakaa mlangoni pa ukumbi wake na tutamlilia Dismas upya, kama siku ile maiti ilipotoka mochari. Yeye ni mtu wa hapa. Anajua wanawake wetu wakilia mlangoni hakuna anayepita kuingia ndani kucheza, hata kama ni bure.

Alikuja. Na ndoo alileta, ya rangi, mpya, mpini bado una karatasi ya duka. Walimwita Kevo. Mwembamba, viatu vyeupe. Nilikuwa nimemtayarishia maneno ya kumchubua, lakini alinisalimu vizuri, akainama akamsalimu Rosa, na hilo likanikera zaidi.

"Kukhu, Dismas alikuwa mtu wetu," akaniambia, kana kwamba mimi ni bibi yake. "Tulitaka mji usimsahau."

"Mbona mlipotaka kumkumbuka hamkumwuliza mama yake?"

Nikamwuliza ile miwani ni ya nani. Akasema ni stailo tu. Nikamwuliza lile lililokuwa linanichoma tangu zamani: nani aliwaambia kwamba sisi hatukwangui sura ya marehemu? Kwa sababu hilo halikuandikwa, na mtu wa nje hawezi kulijua kwa kutuangalia tu.

Kevo akaangalia viatu vyake. Akamwangalia Rosa, akarudi kwenye viatu. Nikajuta kuuliza kabla hajafungua mdomo.

"Ni yeye," akasema. "Dismas. Ndiye alikuwa anatubandikia usiku, na ile pikipiki. Alisemanga, weka picha ya marehemu juu, mathe yangu na wenzake hawawezi gusa."

Sokoni pale kulikuwa na watu wa mboga, watu wa nyanya, wote walikuwa wametega masikio. Mimi nilimwangalia Rosa. Usiku zote zile alikuwa akidhani mtoto wake anabeba abiria. Na asubuhi zote zile alikuwa anapita mbele ya kazi ya mtoto wake, anaiheshimu, ananigombeza mimi niiheshimu.

Rosa alichovya gunia kwenye ndoo yake, akalikamua kidogo, akampa Kevo.

Kevo akalibandika, hakungoja, akaanza kuvuta katikati kwa nguvu. Kama mimi siku yangu ya kwanza. Karatasi ikaanza kupasuka kwenye shavu. Rosa akamshika mkono.

"Anza na pembe," akamwambia. "Pole pole. Huyo ni mtoto."

Wakafanya hivyo siku nzima, wao wawili mbele na sisi nyuma na ndoo za maji, sokoni, stendi, juu kuelekea hospitali, mpaka mvua ya alasiri ikatukuta. Kila karatasi iliyofuata ilitoka nzima. Kevo alizikunja uso ndani, kama alivyoonyeshwa. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimeisha. Nyuma ya stoo Rosa aliwasha moto mwenyewe, na safari hii hakugeuka kuangalia ua.

Msifikiri kijana aliokoka. Ngoma ilipigwa Jumamosi ile ile, kwa jina lingine. Lakini Rosa alikuja kunidai buti zake, na Jumatatu alikuwa kazini.

Bango moja tu lilibaki. Liko kwenye ule ukuta mrefu wa stendi, na hilo walikuwa wamelipaka gundi ya mbao, mengine yalikuwa ya unga. Tulilitilia maji mpaka tukachoka. Lingetoka kwa bleidi peke yake, na Rosa akasema liacheni. Likakaa. Mvua yetu mnaijua, kila siku ina zamu yake. Ikaondoa madijei kwanza, ikaondoa wasichana bure, wino wa ile miwani ukashuka ukaisha, na wiki kadhaa pale ukutani alibaki Dismas na shati lake jeupe, bila maneno. Rosa alikuwa anafagia sehemu ile mwenyewe. Hakuna aliyempangia. Halafu Ijumaa moja wakabandika ngoma nyingine juu yake. Baada ya hiyo, krusedi. Baada ya hiyo sijui nini. Gundi ni ile ile ya mbao, moja juu ya nyingine, sasa ukuta una gamba nene kama la mti mzee.

Kaunti ilituita kwenye mkutano wa kutoa maoni, kama mabango ya mitaani yapigwe marufuku au la. Nilienda. Rosa hakuenda, alisema ana kazi. Mwenye mashine ya kuchapisha alisema watoto wake wanakula mabango. Mhubiri alisema neno la Mungu haliombi kibali. Vijana walisema redio ni ghali na si kila mtu ana bando, na ukuta ni bure. Nilisikiliza, na sikatai kwamba wana njaa. Lakini ukuta si bure. Kuna mtu anaulipia kwa mgongo wake kila asubuhi, na huyo mtu nilikuwa mimi.

Nikasema pigeni marufuku. Nikasema msishike yule kijana wa ndoo, maana huyo ametumwa. Shikeni mwenye namba ya simu. Nikasema wekeni ubao mmoja sokoni, mkubwa, wa marehemu peke yao, bila malipo, na atakayebandika ngoma pale ashughulikiwe na wanawake wa soko, hao hawahitaji sheria. Waheshimiwa wakaandika, wakatushukuru, tukapewa soda. Sura za baadhi yao zilikuwa nje kwenye nguzo za stima tangu uchaguzi, na mimi ndiye niliyezibandua wiki iliyofuata. Marufuku hatujaisikia mpaka leo.

Basi wacheni nimalize, kabla hawajaleta keki nyingine.

Nimesikia mmepewa mashine ya maji ya nguvu, na kwamba mkubwa wenu mpya anataka ukuta wa stendi uoshwe mpaka tofali lionekane. Vizuri. Ungeoshwa zamani. Hayo ya juu yote toeni bila huruma, ngoma, krusedi, wanasiasa, waganga, yakwangueni, yachaneni, tieni kwenye toroli na maganda. Mimi ningekuwepo ningeshangilia. Lakini upande wa kushoto, urefu wa kichwa cha mtu, mkianza kuona shati jeupe, zimeni hiyo mashine. Msiguse na bleidi. Mmoja wenu aende akamwite Rosa, popote alipo anafagia, na mwingine amtayarishie maji kwenye ndoo. Halafu simameni nyuma yake.